Kung'oa si Kuiba

Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolimishwa kwa nguvu. Hawakuichukua waiuze. Waliing'oa ili wakubwa wajue kwamba utii umekwisha. Ndivyo vilivyoanza Vita vya Maji Maji, na ndivyo wazee walivyomsimulia mwanahistoria Gwassa katika miaka ya 1960.

Simulizi hiyo yatupa kipimo cha kusomea maandishi ya washindi, nacho ni kitenzi. Mwizi huikubali thamani ya kitu, ila hutaka kiwe chake. Mng'oaji huikana thamani yenyewe. Mwandishi anayeyaita yote mawili uhalifu amekwisha kuhukumu kabla ya kusimulia.

Hapa Brussels tunao mfano wa kale. Mtawala wa Brabant, Wenceslas, alimfadhili Jean Froissart, aliyesimulia uasi wa wakulima wa Uingereza wa 1381. Kwa Froissart, chanzo cha uasi kilikuwa neema waliyokuwa nayo watu wa chini: walishiba, wakaasi. Kwa msingi huo, kuchomwa kwa Savoy, jumba la John of Gaunt jijini London, hakuwezi kuwa na maana nyingine ila ujeuri. Lakini Henry Knighton wa Leicester, ambaye naye hakuwapenda waasi, ametuachia habari isiyoafikiana na fikra hiyo: mwenzao aliyejaribu kuficha chombo cha fedha walimtupa motoni, wakisema wao si wezi.

Si kwamba wizi haukuwapo. Mashtaka ya 1381 yataja mali na mifugo iliyotwaliwa. Hata hivyo, mashtaka huandikwa na upande ulioshinda, na upande huo hauna desturi ya kujishtaki. Katika Maji Maji, majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, yakatwaa nafaka na mifugo, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Gavana Götzen, katika kitabu chake cha 1909, aliueleza uharibifu huo kuwa hatua ya vita isiyoepukika. Neno wizi hakulihitaji.

Kwa hiyo, tunaporejea tenzi na tamthilia za vita hivyo, tusiishie kuuliza mtunzi yuko upande gani. Tuangalie nani kapewa kitenzi "kupora" na nani kapewa "kuadhibu", hali wote wawili wametoka zizini na ng'ombe yule yule.