Rehani, si Kufuli

Mwaka jana mama na baba walifanya wedding. Mimi, kitinda mimba wao, nilikuwa na miaka 26. Kanisani mama alikuwa ameambiwa hawezi kuongoza chama cha akina mama kwa sababu "hajaolewa". Mbuzi wa mahari walifika kwa babu kabla sijazaliwa. Mama akauliza tu, "Kwani miaka hii yote tulikuwa tunacheza kalongo?"

Tangu hapo nina kinyongo na hili neno, wed. Hapa Nairobi tumeligeuza sherehe: gauni jeupe, keki, kamati, na grupu ya WhatsApp ya kuchangisha. Ndiyo maana mtu atakwambia bila kupepesa macho, "Wameoana, lakini hawajafanya wedding."

Nikalifuata neno hadi kwao. Katika Kiingereza cha kale, wedd ilikuwa dhamana, kitu unachoweka kuonyesha hutaenda kinyume na ahadi yako. Rehani, kwa lugha yetu. Mwanamume aliiweka mbele ya jamaa za mwanamke, na hakuna keki hapo. Hata wedlock, ambayo wengi wetu tunasikia kufuli ndani yake, haina kufuli. Hiyo lock ni kiambishi cha zamani chenye maana ya tendo: tendo la kuweka ahadi, basi. Wenye kufuli ni sisi, tunaofungishana "pingu za maisha" katika kila hotuba ya MC.

Lakini nikiri, kuna mahali Kiingereza kinatushinda. Kwa wed ya leo, yeyote kati ya wawili anaweza kuwa mtenda. Sisi tuna kuoa na kuolewa, na jamaa akiambiwa "ameolewa", huko mtaani hiyo ni dharau tupu.

Sasa, kama maana yenyewe ni dhamana, mama ali-wed zamani. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila, na pale mahari inapohitajika kuithibitisha, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Wale mbuzi ndio waliokuwa wedd. Ilichotaka kanisa ni picha.

Siku ya siku, MC akatangaza kwamba hatimaye mama ameolewa. Watu wakapiga vigelegele. Mama akaniinamia, akanong'ona, "Hatimaye nini?"