Kuijua kibodi nzuri ya laptopu

Hakuna sehemu ya laptopu inayozua ubishi kama kibodi. Diski ina ukubwa wake, betri ina saa zake, kioo unakiona kwa macho. Kibodi, mtu mmoja ataisifu mpaka mate yamkauke, na mwenzake ataapa kwamba mashine ileile inamuumiza vidole. Wote wawili wanasema kweli. Ubishi wao hauishi kwa sababu wanachanganya mambo mawili: raha ya kuandika na uimara. Raha ni ya mkono wa mtu. Uimara ni wa kifaa chenyewe. Anayetaka kununua kwa busara na avipime kila kimoja kivyake, maana imewahi kutokea kibodi iliyopendwa na vidole vingi na bado ikawa mbovu.

Tuanze na kilichomo chini ya kitufe. Laptopu nyingi za leo zina mfumo wa mkasi: vipande viwili vya plastiki vilivyopishana, ambavyo kazi yake ni kukishusha kitufe kikiwa sawasawa. Katikati yake kuna kikombe kidogo cha mpira kilichofudikizwa. Ukibonyeza, mpira unakaza, halafu unaachia ghafla. Chini yake karatasi nyembamba za plastiki zenye njia za umeme zinagusana, na herufi inatokea kwenye kioo. Pale mpira unapoachia ndipo penye utamu wote wa kuandika.

Umbali ambao kitufe kinashuka hupimwa kwa milimita, na wauzaji hupenda kuutaja. Kibodi ya mezani ya aina ya zamani hushuka milimita 3.5 hadi 4. Laptopu nyingi za sasa ziko kati ya 1 na 1.8. Namba hiyo inasaidia, lakini haitoshi hata kidogo. Vitufe viwili vyenye milimita 1.5 vinaweza kutofautiana kabisa: kimoja kinakaza mwanzoni kisha kinaachia kwa mkato ulio wazi, kidole kinajua kazi imefanyika na kinahamia kwingine, cha pili kinazama kama kijiko kwenye uji, na kidole hakina uhakika mpaka kigonge chini. Aliyezoea kupiga kwa nguvu, hasa aliyejifunzia kwenye taipureta, anahitaji kitufe kinachoshuka sana ili kimpokee taratibu. Mwenye mkono mwepesi ataona kitufe hichohicho kinamchelewesha. Hapa hakuna wa kumrekebisha mwenzake.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Apple. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilitoa MacBook ya inchi 12 yenye mfumo mpya ulioitwa kipepeo. Badala ya plastiki zinazopishana, waliweka mbawa mbili zilizounganishwa katikati, na mahali pa mpira wakaweka kibati chembamba cha chuma. Kitufe kilishuka takriban nusu milimita tu. Mwaka uliofuata mfumo huo ukaingia kwenye MacBook Pro, mashine ya watu wanaoandika kutwa. Wengi waliuchukia kwa sababu kidole kilikuwa kinagonga chini kabla hakijahisi kitu. Lakini walikuwepo walioupenda kwa dhati, na hoja yao ilikuwa nzito: kitufe hakikuyumba. Ukikibonyeza katikati au kwenye kona, kilishuka chote kwa pamoja. Kwa uthabiti huo peke yake, naona kipepeo kilizishinda kibodi nyingi za mkasi za wakati wake.

Kisha vumbi likaingia. Nafasi iliyobaki chini ya kitufe ilikuwa finyu kiasi kwamba chembe ya mchanga au ya mkate iliweza kukikwamisha, ama kisiandike, ama kiandike herufi ileile mara mbili. Maelekezo ya Apple wenyewe yalikuwa kuishika mashine ikiwa imeinama nyuzi 75 na kuipuliza hewa ya kopo kati ya vitufe. Juni 2018 walitangaza mpango wa kuzitengeneza kibodi hizo bure kwa miaka 4 tangu mashine iuzwe. Mwaka huohuo wakaongeza utando wa silikoni chini ya vitufe. Mwaka 2019 wakabadilisha malighafi. Machi 2019 Joanna Stern wa gazeti la Wall Street Journal alichapisha makala yenye herufi zilizokosekana ili wasomaji wajionee kibodi yake ilivyokuwa ikimfanyia. Novemba mwaka huo MacBook Pro ya inchi 16 ikarudi kwenye mkasi, kitufe kikishuka milimita 1, na kufikia Mei 2020 kipepeo kilikuwa kimeondolewa kwenye laptopu zote mpya za kampuni hiyo. Mwaka 2022 Apple ilikubali kulipa dola milioni 50 kuimaliza kesi ya wateja wa Marekani, bila kukiri kosa.

Kisa hiki hakikuthibitisha kwamba kitufe kinachoshuka kidogo ni kibaya. Kilithibitisha kwamba kifaa kisicho na nafasi ya kupumua hakistahimili uchafu. Na kulikuwa na kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza: kibodi hizo zilikuwa zimeungwa moja kwa moja na kipande cha juu cha mashine, na betri imegandishwa kwa gundi kwenye kipande hichohicho. Kitufe kimoja kikiharibika, mafundi wa kampuni walikuwa wanabadilisha kipande kizima, pamoja na betri isiyo na ubaya wowote.

Mfano wa upande wa pili ni ThinkPad, iliyoanza kuuzwa na IBM mwaka 1992 na kupita mikononi mwa Lenovo mwaka 2005. Wanaozipenda za zamani wanakumbuka safu 7 za vitufe, zilizodumu mpaka kizazi cha T420 cha mwaka 2011. Mwaka 2012, kwa T430 na X230, zikawa safu 6 zenye vitufe vilivyotenganishwa. Kilio kilikuwa kikubwa, na mwaka 2017 Lenovo walitoa toleo la kuadhimisha miaka 25 wakairudisha ile kibodi ya safu 7. Ukisikiliza malalamiko yale kwa makini, mengi yalihusu mpangilio: kitufe fulani kimehamishwa, kingine kimepunguzwa. Hisia ya vitufe vya 2012 ilikuwa nzuri, tena kijibonde kilichochongwa juu ya kila kimoja kilikirudisha kidole katikati. Kwa hiyo mtu anapokuambia kibodi fulani ni mbaya, muulize kwanza ni vitufe vyenyewe au ni mahali vilipowekwa. La mahali mkono unalizoea. La vitufe vibovu haulizoei.

Sasa tufike dukani. Usianze kwa kuandika. Pitisha vidole juu ya vitufe bila kuvibonyeza. Vyote viwe kimo kimoja, na kisiwepo kinachotikisika kupita wenzake. Kisha bonyeza kitufe kwa pembeni, taratibu. Mkasi mzima unakishusha kikiwa sawa. Uliovunjika mguu unakiinamisha. Kitufe kirefu cha nafasi kibonyeze ncha ya kushoto, halafu ya kulia. Vitufe virefu vina uzi wa chuma chini yake unaovisaidia kushuka sawia, na ukichomoka, upande mmoja utakuwa mgumu au utapiga kelele.

Halafu fungua ukurasa mtupu, ubonyeze kitufe kimoja polepole sana huku ukitazama kioo. Herufi itokee palepale mpira unapoachia. Ikitangulia, utakuwa unaandika usichokusudia kila unapopumzisha vidole. Ikichelewa mpaka ukikandamize kitufe hadi chini, utaruka herufi siku nzima ukiandika kwa haraka. Hili la pili ni baya zaidi na ndilo linalojificha, kwa sababu dukani kila mtu hubonyeza kwa nguvu.

Kandamiza pia kati ya G na H, katikati kabisa ya kibodi. Sehemu hiyo ikibonyea kama sahani ya plastiki, kibodi haikukazwa vizuri, na mkato wa kila kitufe utapotea humo. Sauti isikusumbue sana. Mlio mkavu wa juu huashiria plastiki nyembamba, basi.

Na uandike Kiswahili. Wapimaji wa Marekani na Uingereza hupima kwa Kiingereza, ambamo E ndiyo herufi inayobonyezwa kuliko zote. Kwetu mzigo uko kwenye A. Andika neno kama wanakatazana: herufi 12, nusu yake ni A. Na kwenye mpangilio wa QWERTY, A iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kitufe kizito kidogo ambacho Mwingereza asingekilalamikia kitakuchosha wewe kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo kidole hicho ndicho kiwe hakimu wako: andika aya mbili tatu bila kupumzika, kisha ukisikilize. Andika pia neno ng'ang'ania, maana ile alama ya juu iko jirani na Enter, na kwenye mashine ndogo watengenezaji hupenda kukibana kitufe chake. Q na X zikiwa ngumu, ni hasara ndogo. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliozoea mpangilio wa AZERTY wana hesabu yao: A iko safu ya juu, na M, ambayo Kiswahili kinaihitaji sana, imekaa kulia kwa L.

Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo, au zile ambazo wauzaji wa Luthuli Avenue Nairobi huziita ex-UK, zilianzia maofisini Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba. Mpangilio wa vitufe uangalie kwa umakini mkubwa. Ya Uingereza ina @ mahali tofauti na ya Marekani, na hilo utalizoea kwa wiki moja. Hatari iko kwenye ya Ujerumani, ambayo Y na Z zimebadilishana nafasi. Kwa Kiingereza kosa hilo linaonekana mara moja. Kwa Kiswahili linakuwa neno sahihi: nyumba yake inageuka nyumba zake, habari ya kazi inakuwa habari za kazi. Umoja unakuwa wingi, na programu ya kukagua tahajia inapita kimya. Mwandishi wa barua za ofisi, mikataba au habari asikubali mashine ya namna hiyo iliyobandikwa vibandiko vya herufi juu ya vitufe, maana kibandiko kikibanduka, macho yatafuata herufi isiyo sahihi iliyo chini yake.

Ung'avu wa vitufe nao una habari. Plastiki ya kawaida hung'aa pale inaposuguliwa na vidole. Mashine iliyofanya kazi Ulaya huwa imeng'aa kwenye E na kwenye upande mmoja wa kitufe cha nafasi. Ukiona vitufe vipya kabisa kwenye mashine yenye pembe zilizochubuka, kibodi imebadilishwa. Si kosa, lakini uliza kwa nini. Aghalabu jibu ni chai.

Na chai, hasa ya maziwa na sukari, ndiyo adui mkuu wa kibodi kwetu. Maji matupu yakikaushwa mapema yanaweza kupita bila madhara. Sukari inabaki chini ya mpira na kuugandisha. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa ya chumvi inakula polepole njia za umeme na utepe unaoiunga kibodi na ubao mkuu. Dalili zake zisomwe hivi: kitufe kimoja kikifa peke yake, mara nyingi ni uchafu au mkasi uliovunjika, na fundi mzuri anaweza kukiokoa. Vitufe kadhaa vikifa kwa pamoja, hata vikiwa mbalimbali, kosa liko kwenye njia vinayoitumia kwa pamoja au kwenye utepe, na kusafisha hakutasaidia. Kwa hiyo bonyeza kila kitufe, hata usivyovihitaji. Ile ahadi ya watengenezaji ya mibonyezo mamilioni haihesabu vumbi wala chai.

Mwisho geuza mashine. Baadhi ya ThinkPad zina vitundu chini vya kupitishia maji yaliyomwagika juu ya kibodi, na hiyo ni dalili ya mtengenezaji anayejua watu wanavyoishi. Kwenye nyingi za zamani unafungua skrubu chache zenye alama ya kibodi, unaisukuma kidogo, inatoka. Kampuni ya Framework, waliotoa laptopu yao ya kwanza mwaka 2021, waliitengeneza ili mwenyewe aweze kubadilisha kibodi nyumbani kwa bisbisi. Nyingine nyingi za leo, zikiwemo za bei kubwa, kibodi imeshikizwa kwa vipini vya plastiki vilivyoyeyushwa. Fundi huvikwangua na kurudishia kwa gundi, na hairudi kuwa imara kama mwanzo.

Mimi, kati ya kibodi tamu isiyobadilishika na ya wastani inayotoka kwa skrubu, nachukua ya wastani bila kusita. Nawe kabla hujatoa fedha, muulize muuzaji maswali mawili: kibodi ya mashine hii peke yake inauzwa shilingi ngapi, na fundi anaifunga kwa muda gani? Asipokuwa na jibu, iache hapohapo uende duka la pili.