Kinga, Barakoa na Kuvua: Uhakiki wa Istilahi za Mavazi ya Wauguzi

Ugonjwa wa Marburg ulipozuka nchini Rwanda mwezi Septemba 2024, wagonjwa 66 walithibitishwa, na 15 kati yao walifariki. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya. Mwezi Machi 2023 ugonjwa huo huo ulitangazwa mkoani Kagera, Tanzania, na miongoni mwa waliopatwa walikuwamo wahudumu wa wagonjwa. Kabla ya hapo, kati ya 2018 na 2020, Ebola iliwapata watu 3,470 huko mashariki ya Kongo, hasa Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambako Kiswahili ni lugha ya mawasiliano ya kila siku. Kwa hiyo istilahi za mavazi ya wauguzi si suala la wanalughawiya peke yao. Makala haya yanahakiki maneno machache yanayotumika katika maelekezo, hati za kuagizia vifaa na mafunzo.

Neno la kwanza ni kinga. Neno hili limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Husemwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba, yaani kuzuia ugonjwa. Husemwa pia kinga ya mwili, na ndiyo iliyomo katika jina UKIMWI. Wako wanaoita chanjo kinga, na sasa mavazi nayo yameitwa kinga. Tuchukue mathalani agizo lisemalo, “Wauguzi wote wapewe kinga kabla ya kuingia wodini.” Mganga mmoja ataandaa sindano, na mtunza ghala atatoa glavu. Tofauti hiyo si ndogo. Chanjo ya Ebola ya aina ya Zaire iliidhinishwa mwaka 2019, lakini wakati wa milipuko ya Marburg ya 2023 na 2024 hapakuwapo chanjo iliyoidhinishwa. Muuguzi anayeamini kwamba “amepata kinga” aweza kulegeza uangalifu wake. Yafaa basi kinga isisimame peke yake katika maandishi ya kazi. Iandikwe mavazi ya kujikinga, chanjo, au kinga ya mwili, kwa kadiri ya maana inayokusudiwa.

Neno la pili ni barakoa. Hili ni neno la kale la pwani, lililotaja vazi la wanawake la kufunika uso, na kulifufua kwa matumizi ya hospitali kulikuwa uamuzi mzuri. Kasoro iliyopo ni kwamba vitu viwili visivyolingana vimepewa jina moja. Kipo kitambaa chepesi kinachozuia matone na mruko wa damu, na kipo kile kinachobana uso pande zote na kuchuja hewa inayovutwa. Cha pili hupimwa kwanza usoni mwa mvaaji, na mwenye ndevu hawezi kukivaa kikabana sawasawa. Karani akiandika “barakoa 500” katika hati ya kuagizia, hatakuwa na haki ya kulalamika akiletewa zisizotakiwa. Kitu cha kwanza na kiendelee kuitwa barakoa. Cha pili kiitwe barakoa ya kuchuja hewa. Jina hilo ni refu kidogo, lakini linaeleza kazi yake.

Tatu, lipo kosa la sarufi ambalo limezoeleka hata likaonekana sahihi. Twasoma “gauni lisilopenya maji.” Kwa Kiswahili gauni halipenyi kitu, maji ndiyo yanayopenya gauni. Yapasa kuandika gauni lisilopenywa na maji, au kwa wepesi zaidi, gauni lisilopitisha maji. Virusi vya Ebola na Marburg huingia kwa majimaji ya mgonjwa, yaani damu, matapishi na kinyesi, kupitia ngozi yenye michubuko na utando laini wa macho, pua na kinywa. Sifa hiyo ya gauni ndiyo inayolitenga na gauni la kawaida, na hapana budi itajwe bila utata.

La nne ni zito kuliko yote, nalo ni tendo lenyewe la kuvua. Wataalamu wanakubaliana kwamba saa ya hatari kubwa ni ile ya kutoka wodini, kwa kuwa nje ya vazi pamekwisha kuchafuka na mvaaji amechoka. Hata hivyo, baadhi ya watafsiri huandika “toa glavu” na “ondoa barakoa.” Kutoa kuna maana nyingi: mtu hutoa kitu sandukuni, na hutoa kitu akampa mwenziwe. Kiswahili kina jozi yake tayari: kuvaa na kuvua. Twavaa glavu na twazivua. Twavaa miwani na twaivua. Hakuna haja ya kubuni neno jipya. Kwa kuwa vaa na vua zimepishana kwa irabu moja tu, maelekezo ya kuvaa na ya kuvua yaandikwe katika karatasi mbili, zibandikwe katika milango miwili tofauti. Tena kila hatua iwe na sentensi yake: takasa mikono yenye glavu kwa dawa, vua barakoa kwa kushika kamba za nyuma, usiguse upande wake wa mbele.

Mwisho, anayesimama kando kumwongoza mvuaji huandikwa “msimamizi.” Neno hilo laleta picha ya mkubwa wa kazi. Kazi yake hasa ni kutazama kila hatua na kumkatiza mwenziwe akikosea, hata kama mwenziwe ni daktari mkuu. Mwangalizi ndilo neno linalofaa.

Walimu na watafsiri wanaombwa kuyapima mapendekezo haya mahali yanapotumika. Kabla karatasi haijapigwa chapa, asomewe muuguzi aliyevaa mavazi yote, naye atende kama alivyosikia. Pale atakaposita, sentensi hiyo irudishwe mezani iandikwe upya.