Utendi wa Mwana Kupona kama Chombo cha Kujifunzia

Wahakiki wengi wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, wameshughulika na mausia yenyewe: adabu, dini, na utii wa mke kwa mumewe. Umbo lake wamelihesabu tu: vipande vinne vya mizani nane, na kina kimoja cha mwisho tangu mwanzo hata tamati. Lakini umbo hilo ni chombo cha kufundishia, nalo lastahili kupimwa hivyo.

Mtunzi ni mgonjwa wa mwaka mzima. Amwita bintiye aje na wino na karatasi, amwambie yaliyomo moyoni. Mama huyu, aliyefariki yapata mwaka 1860, alitaka maneno yakae kwa mtoto ambaye karibu angekosa wa kumkumbusha. Kina ndicho kilichoachiwa kazi hiyo: anayesahau kipande cha tatu huongozwa na sauti ya viwili vilivyotangulia.

Roediger na Karpicke, katika majaribio waliyoyatangaza mwaka 2006, waliona kwamba wanafunzi waliorudia kusoma habari walikumbuka zaidi baada ya dakika tano; lakini baada ya juma moja, waliojaribu kuikumbuka pasipo kuitazama ndio waliobaki na mengi. Anayeghani utendi kwa ghibu hufanya jaribio hilo katika kila ubeti.

Hata hivyo hoja hii ina mpaka wake, nao waonekana wazi zaidi mbali na Lamu. Mfikirie mwanafunzi wa Saza, katika Mkoa wa Songwe, aliyelelewa kwa Kibungu na kukipata Kiswahili sanifu shuleni. Kwake "ndoo" ni chombo cha maji. Katika Kiamu cha utendi huu ni neno la kumwita mtu aje. Akikaririshwa tu, vina vitamshikiza sauti, maana imponyoke. Ataughani wote bila kosa, wala asiweze kumweleza mdogo wake ubeti mmoja.

Kosa hapo si la kukariri, ingawa siku hizi neno hilo limekuwa kama tusi. Ni la kukariri kulikokatwa katikati. Mwana Kupona mwenyewe, karibu na mwisho, awahimiza wanawake wausome na kuifahamu maana. Basi yafaa mwanafunzi aufunike ubeti, aurudie, aueleze kwa Kiswahili chake, hata kwa Kibungu ikibidi, na baada ya siku kadhaa aulizwe tena. Kitabu chenye tafsiri kando ya kila ubeti humwondolea kazi ileile ambayo ingemfaa. Faharasa ya maneno magumu mwishoni ingetosha.