Simamisha Kwanza

Saiba za Nakuru huendeshwa na watu wenye haraka: wa kopi, wa kuchapisha barua, wa kujaza fomu za KRA na eCitizen. Kijana ninayependa kumtazama huketi pembeni, na haraka hana. Nusu ya skrini yake ni video ya mafunzo ya YouTube. Nusu nyingine ni VS Code, programu ya bure ya kuandikia msimbo ambayo Microsoft waliitoa mwaka 2015.

Mwalimu wa video huandika mistari mitano bila kupumua. Kijana huisimamisha, huandika mmoja tu, huhifadhi, kisha hutazama kimebadilika nini kwenye kivinjari. Ndipo huendelea. Somo la dakika ishirini linaweza kumaliza jioni.

Bando likikaribia kuisha hushusha ubora wa video hadi 144p, na hapo nuktamkato na nuktambili hufanana kabisa. Inabidi ajue mwenyewe ipi inakaa wapi. CSS, lugha inayopanga rangi na nafasi za ukurasa, haina huruma katika hili: ukisahau nuktamkato, kivinjari hakilalamiki, hupuuza tu agizo hilo pamoja na linalofuata. Kijana hubonyeza F12 kufungua zana za kivinjari, hushuka mstari kwa mstari mpaka aone maandishi yaliyokatwa kwa mstari, na hutabasamu kama fundi cherehani aliyeuona uzi uliokatika.

Lakini ustadi wenyewe nauona pale anapomwacha mwalimu. Video inajenga ukurasa wa mkahawa wa ng'ambo. Yeye anajenga wa mwenye gari anayepeleka wageni Menengai na Ziwa Nakuru. Picha ya heroe ilikuwa na megabaiti nne. Ameipunguza hadi kilobaiti mia na kitu, kwa sababu mteja wa Njoro au Subukia ataifungua kwa bando la siku. Alianza na upana wa pikseli 360, upana wa simu ya kawaida, ndipo akafikiria kompyuta. Fomu ndefu ya mwalimu ameiondoa, akaweka kitufe kinachofungua WhatsApp. Maandishi ya waridi juu ya nyeupe yalipendeza ila hayakusomeka. Kiwango cha kimataifa kinataka tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1, basi akayakoleza kidogo kidogo mpaka yakafika.

Wapo wanaoniambia kwamba Wix, huduma ya kujengea tovuti, ingefanya yote haya kwa kuburuta na kuachia. Ingefanya, lakini picha ikichelewa kufunguka, anayejua tu kuburuta hajui aanzie wapi.

Mwenye gari alipoonyeshwa ukurasa kwenye simu hakusema neno kuhusu rangi. Aliuliza mbona bei imewekwa chini. Kijana aliukata mstari wa bei, akaubandika juu, akahifadhi, akamrudishia simu autazame tena.