Kajifunga kwa 2.88

Faili la maombi ya uzamili Marekani la yule kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, mmeliona wote. Kalirusha mwenyewe kwenye magrupu, pamoja na barua ya kukataliwa, akiuliza kakosea wapi. Majibu yakamiminika: barua ya kujieleza ni ndefu, hakumwandikia profesa mapema, Wazungu wana mambo yao. Nimelisoma mara tatu, ukurasa kwa ukurasa. Mambo ya Wazungu hayamo. Kijana kajifunga mwenyewe, tena dakika za mwanzo kabisa, kwenye kisanduku chenye upana wa vidole viwili.

Turudishe mkanda polepole. Ukurasa wa historia ya masomo. Jina la chuo, sawa. Shahada ya uhandisi ujenzi, sawa. Kisha GPA, na pembeni yake sehemu ya kuchagua kipimo: ya nne, ya tano, ya kumi, ya mia. Juu ya kisanduku, kwa maandishi ya kijivu, mwombaji anaambiwa aandike alama kama zilivyo kwenye transkripti, asizibadilishe. Kijana ana 3.6 ya tano, apa sekondi halali kabisa. Kafanya nini? Kachukua kikokotoo, kagawa kwa tano, kazidisha kwa nne. Kachagua kipimo cha nne, kaandika 2.88.

Mbili nukta themanini na nane, Marekani, ambako shule nyingi za uzamili zimeweka 3.0 ya nne kuwa kizingiti cha mlangoni! Kamati haijafika kwenye utafiti wake wala barua za walimu wake, tayari yeye mwenyewe kashajiweka nje ya mlango na kujifungia.

Hesabu yenyewe ni mbovu, na mhandisi ndiye wa mwisho kusamehewa hesabu mbovu. Kuzidisha kwa 0.8 kunadai kwamba ngazi za mizani hizi mbili zinalingana. Hazilingani. Mlimani A ni tano, B+ nne, B tatu, C mbili. Kwa Wamarekani A ni nne, B+ ni 3.3, B ni 3.0, C ni 2.0. Chukua kozi kumi zenye uzito sawa: sita ana B+, nne ana B. Mlimani hiyo ni 3.6 kamili. Ziandike herufi zilezile kwa mizani ya Marekani, unapata 3.18. Mwanafunzi ni yuleyule na herufi ni zilezile, ila kwa hesabu moja yuko ndani ya mstari na kwa nyingine yuko nje. B ya Mlimani ukiizidisha kwa 0.8 inakuwa 2.4, ambayo kwa Mmarekani ni C yenye alama ya kujumlisha. Kila B kwenye transkripti yake kaishusha daraja kwa mkono wake mwenyewe.

Wajerumani, ambao ndio wenye ugonjwa wa kubadilisha alama, wana kanuni yao ya Bavaria, na hata wao hawazidishi kienyeji hivyo. Wanaangalia alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu, kisha wanapima umesimama wapi kati ya hizo mbili. Juu ni tano, chini ya kufaulu ni mbili, wewe una 3.6: inatoka 2.4 ya kwao, ambako moja ndiyo bora na nne ndiyo ya kuponea chupuchupu. Hiyo 2.4 wanaiita nzuri. Kwa kanuni yenye akili kijana ni mzuri, kwa kikokotoo chake ni wa kurudishwa nyumbani.

Watetezi wake wanasema transkripti ilikuwa imeambatishwa, kwa hiyo kamati ingeona 3.6 yenyewe. Haya, tuichukue hiyo. Profesa ana faili mia kadhaa na jioni moja. Fomu inasema 2.88, karatasi inasema 3.6. Kwa nini achague kuamini ile inayompendelea mwombaji? Ukurasa wa maelezo ya alama, ule unaosema kwamba A inaanzia 70, kijana hakuuskani. Kwa hiyo Mmarekani anayeona 64 kwenye somo la miundo anaona mtu aliyeponea kwa D, wakati hapa hiyo ni B+ aliyoitolea jasho. Fomu ilikuwa na nafasi ya maelezo ya ziada. Kaiacha tupu.

Mengine mengi yako safi: kazi ya mwaka wa mwisho juu ya mvujo wa maji chini ya tuta la udongo, TOEFL 104, msimamizi anayemfahamu kwa jina na si kwa namba ya usajili.

Nimeona pia aya yake ya kwanza, redio ya babu aliyoifungua akiwa na miaka saba. Kila mhandisi wa nchi hii kafungua redio ya babu, na sijasikia hata moja iliyopona. Ila redio haikumwangusha, kwa hiyo leo nampisha. Nampisha hata na barua ya mheshimiwa mmoja aliyeandika kwamba kijana anatoka familia nzuri.

Lakini kwenye GRE, ule mtihani wa kuombea uzamili, simpishi mtu. Tangu 2020 idara nyingi za uhandisi zimeacha kuidai, na watu wakashangilia kwa sababu ya ada yake. Nilisema wakati ule, wakaniita mhafidhina: ukiondoa mtihani ambao wote wanaufanya, unachobakiza ni alama za chuo ambacho msomaji hakijui. Kijana mwenye 167 ya hesabu angekuwa na ngao. Sasa ngao yake ilikuwa kile kisanduku, naye kakitoboa.

Wazee walijua kucheza mpira huu. Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Mlimani mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, hakuna aliyekuwa ng'ambo aliyejua B+ ya Dar es Salaam ina uzito gani. Mwalimu wangu wa mekanika ya udongo aliwahi kunionyesha nakala ya kaboni ya maombi yake ya kwenda kusoma Ujerumani. Alama kaziandika kama zilivyo. Chini yake kapiga taipu ukurasa mzima: chuo kinasahihisha vipi, darasa lilikuwa na watu wangapi, wangapi walipata A kwenye kila somo, na yeye alikuwa wa ngapi. Hakumbadilishia Mjerumani kitu. Kampa rula na kumwachia apime mwenyewe. Alikuwa na taipureta na utepe uliofifia, huyu wetu ana intaneti ya kasi na kikokotoo cha mtandaoni kilichomdanganya bure.

Nilimpigia kijana juzi. Kumbe ana fomu mbili zaidi ambazo hajazituma, tarehe ya mwisho 15 Desemba. Nikamwambia azifungue tukiwa kwenye simu, aende kwenye kisanduku, achague kipimo cha tano. Nikasikia anabonyeza, kisha kimya.

"Shida nini?"

"Mwalimu, 3.6 si itaonekana ndogo? Nikizungusha iwe 3.7?"

Nikamwambia aanze kwanza kuskani ule ukurasa wa maelezo ya alama.