Nani Amwombee Liyongo? Utendi wa Kijumwa na Suala la Thawabu kwa Maiti

Wahakiki wa Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, wameshughulikia mno ushujaa wa Liyongo na hiana ya mwanawe. Kifo chenyewe wamekipita upesi. Makala haya yanashikilia kuwa ni katika kifo hicho utendi unapogusa suala ambalo Waislamu wa Lamu, wa Kipini na wa vijiji vya Mto Tana hadi Garsen wamelijadili kwa muda mrefu: je, aliye hai aweza kumfaa aliyekufa?

Kisa kinajulikana. Liyongo amelala; mwanawe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Shujaa anakwenda hadi kisimani, anapiga goti, anatia mshale katika uta, na roho inamtoka akiwa katika hali hiyo. Watu wanadhani yu hai, hawathubutu kuteka maji. Anayeitwa kumbembeleza ni mama yake.

Hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) yasema kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Ni vigumu kuamini kuwa Kijumwa, mtu wa Lamu, hakuwa nayo moyoni. Mtoto wa Liyongo ndiye muuaji, na yeye pia hakudumu baada ya baba yake. Aliyebaki na maiti ni mzazi, ambaye kwa desturi ndiye angetarajia kuombewa. Mpango wote umepinduliwa, na hapa ndipo ulipo uchungu wa utendi, kuliko hata katika sindano.

Mjadala wa wanazuoni haukuwa mwepesi kama unavyosimuliwa vibarazani. Kwamba dua na sadaka humfaa maiti, wanazuoni wa Sunna wameafikiana. Kilichogombewa ni kisomo. Kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani, ni kuwa thawabu za kisomo hazimfikii maiti, kwa kutegemea aya ya 39 ya Sura Najm. Lakini Mashafii wengi wa baadaye walikikubali kisomo kikifuatwa na dua, na hitima za pwani zimesimama juu ya rai hiyo. Masheikh wa islahi, akiwamo Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) na baadaye Abdalla Saleh Farsy (1912–1982), wote wawili waliowahi kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, walizipinga bidaa za mazishini. Ajabu ni kuwa Ibn Taymiyya, ambaye watu wa islahi hupenda kumtegemea, alisema kisomo humfikia maiti. Basi ugomvi wa hitima, kwa sehemu kubwa, ni ugomvi wa mkusanyiko na sinia za wali: mfiwa kulisha watu siku ambayo yeye ndiye wa kulishwa.

Ikilinganishwa na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, tofauti hudhihirika. Huko makaburi na magofu ya Pate yanauonya moyo wa aliye hai. Maiti ni mawaidha, na mtu wa islahi husoma bila kukwazika. Kijumwa hamwachii msomaji nafasi hiyo. Maiti wake amepiga goti njiani pa maji, na mji hauwezi kunywa mpaka mtu amwendee.

Mapokeo yanaliweka kaburi la Liyongo Ozi au Kipini, karibu na mto unapoingia baharini, chini ya Garsen. Katika nchi hiyo hiyo ya Tana Delta, tarehe 22 Agosti 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Hapo mama na mtoto wa kumwombea walikwenda pamoja. Anayewakataza majirani wa wafu hao kukaa chini na kusoma Yasini ana hoja za kitabuni, na hoja hizo zina uzito. Lakini kwanza aeleze, kama watu wa mji wa Liyongo walivyolazimika kueleza pale kisimani, ni nani mwingine atakayetumwa.